Kusafisha Picha Nyumbani Mwanza: Tathmini ya Printa ya Canon SELPHY CP1500

Anayetaka kusafisha picha zake mwenyewe nyumbani, bila kupanda daladala kwenda mjini wala kuacha flashi yake mikononi mwa mtu asiyemfahamu, siku hizi ana njia mbili za uhakika: printa ya wino wa kumimina yenye rangi sita, au printa ndogo ya joto inayotoa picha za ukubwa wa kadi ya posta. Tathmini hii inahusu ile ya pili, Canon SELPHY CP1500, iliyoingia sokoni mwaka 2022, ambayo tunaitumia nyumbani kwetu Nyamanoro kwa picha za familia na za ziwani. Niseme mapema ninavyoiona: ni mashine nzuri sana kwa picha zinazoshikwa mkononi, zinazowekwa kwenye albamu au kusimamishwa juu ya kabati, lakini kwa picha ya ukutani, inayotakiwa kuonekana na mgeni aliyeketi kwenye kochi la upande wa pili wa sebule, printa hii haitoshi mpaka mwenyewe ajue namna ya kuzipanga picha zake, nami nitalieleza jambo hilo kwa urefu kuliko mengine.

Mashine yenyewe ina uzito wa takriban gramu 850 bila utepe na karatasi, na upana wake hauzidi sana urefu wa picha inayoitoa. Mbele ina mlango wa kuingizia kaseti ya karatasi, ubavuni kuna nafasi ya utepe wa wino, na juu kuna kioo cha inchi 3.5 kinachokuonyesha picha na idadi ya nakala utakazotoa. Inapokea kadi ya kumbukumbu ya kamera, flashi, waya wa USB-C, na zaidi ya yote inapokea picha kutoka kwenye simu kwa Wi-Fi. Jambo ambalo wauzaji hawalisemi, na ambalo kwetu lina maana kubwa, ni kwamba simu inaweza kuungana na printa moja kwa moja bila intaneti yoyote, kwa hiyo ukishapakua programu yake mara ya kwanza, kusafisha picha hakuli bando. Niliwahi kumwona kijana mmoja akizima data ya simu yake kwa hofu kabla ya kutuma picha. Hakuwa na sababu ya kuhofu, kwa kuwa picha haitoki nje ya chumba.

Namna inavyofanya kazi ni tofauti na printa ya ofisini, na tofauti hiyo ndiyo chanzo cha uzuri wake na pia cha masharti yake. Hakuna wino wa maji. Ndani ya kaseti ya wino kuna utepe mwembamba wa plastiki uliopakwa rangi ngumu kwa zamu: njano, kisha majenta (wekundu wa zambarau), kisha sayani (buluu ya kijani), na mwisho tabaka angavu la kinga. Kichwa cha printa hupasha utepe joto, rangi ikageuka mvuke bila kupitia hali ya kimiminika, kisha ikapenya kwenye uso wa karatasi. Kwa sababu kiwango cha joto ndicho kinachoamua rangi iingie kwa wingi gani, picha haijengwi kwa vidoto kama ilivyo kwa printa za wino. Ukiitazama kwa kioo cha kukuzia unaona rangi ikififia na kukolea taratibu. Ndiyo maana machweo ya ziwa, yale yanayoanza na rangi ya chungwa karibu na maji na kuishia na buluu nzito juu ya visiwa, hutoka vizuri kwenye karatasi hii kuliko kwenye printa nyingi za bei yake.

Ukiitazama ikifanya kazi, picha huingia na kutoka mara nne. Mara ya kwanza karatasi inachungulia ikiwa na njano tupu, na mtu asiyejua anadhani mashine imeharibika. Ikirudi ndani na kutoka tena imekuwa na wekundu wa kutisha, nyuso zote kama za watu wenye homa. Mara ya tatu buluu inaingia na ghafla kila kitu kinakaa mahali pake, maji yanakuwa maji na shati la mtoto linarudi kuwa la kijani. Mara ya nne huoni badiliko la rangi ila uso unapata mng'ao. Mtengenezaji anasema kadi moja huchukua kama sekunde 41. Watoto hawachoki kulitazama jambo hili, na wazee pia, ingawa wao hujifanya wanasoma gazeti.

Lakini kuingia na kutoka huku kuna masharti. Nyuma ya printa lazima paachwe nafasi, kwa kuwa karatasi hujitokeza upande huo pia. Ukiisukuma hadi ukutani juu ya kabati, karatasi itagonga na picha itaharibika. Vumbi nalo ni adui: chembe moja ikikaa kati ya utepe na karatasi, sehemu hiyo haipati rangi na unabaki na nukta nyeupe shavuni mwa mtu. Kwa nyumba iliyo karibu na barabara ya vumbi, na tunaoishi kwenye vilima vya mawe tunazijua barabara zetu, kaseti za karatasi zisiachwe wazi mezani; zifungwe kwenye mfuko wake kila baada ya kazi, na karatasi ishikwe pembeni bila kugusa upande unaong'aa. Kadi zina vipande vya ziada kwenye ncha mbili ambavyo hukatwa kwa mkono baada ya picha kutoka. Vikunjwe kwanza mbele na nyuma, kisha vikatwe, la sivyo ncha inabaki na vinyweleo vinavyoonekana hata ndani ya fremu.

Kukatika kwa umeme ndilo jaribu kubwa. Umeme ukienda picha ikiwa imepata njano na majenta tu, picha hiyo imekufa: huwezi kuiendeleza pale ilipoachia, na sehemu ya utepe iliyotumika haitarudi. Canon inauza betri ya kubandika nyuma ya mashine, NB-CP2LI, lakini haimo ndani ya boksi na hununuliwa kando. Mwenye inveta au mfumo mdogo wa sola hana haja nayo, maana printa hii haili umeme mwingi. Asiye navyo aifikirie betri kuwa sehemu ya bei ya kununulia na si pambo, hasa akikusudia kuibeba kwenda kwenye sherehe.

Sasa rangi. Kwa kuwa hakuna utepe mweusi, weusi wote hupatikana kwa kuchanganya rangi tatu, na kijivu vivyo hivyo. Mwanza ni mji mzuri wa kuipima printa kwa jambo hili, kwa sababu tumezungukwa na mawe ya matale ya kijivu kila upande, na jicho la mwenyeji linajua kijivu cha jiwe kinavyotakiwa kuwa. Picha ya Jiwe la Bismarck iliyopigwa saa nne asubuhi hutoka na kijivu safi kinachoridhisha. Picha ileile ikigeuzwa kuwa nyeusi na nyeupe kwenye simu kabla ya kutumwa, huonyesha dalili kidogo ya rangi ambayo mtazamaji wa kawaida hataigundua lakini anayependa picha za namna hiyo ataiona mara moja. Anayefanya kazi nyingi za nyeusi na nyeupe atafute printa nyingine. Hili ni tokeo la njia yenyewe, si kasoro ya mashine fulani.

Kuhusu ngozi zetu ningependa kusema kwa makini. Simu huonyesha picha kwa mwanga wake yenyewe, ilhali karatasi inategemea mwanga wa chumba, kwa hiyo picha yoyote iliyosafishwa huonekana nzito kidogo kuliko ilivyokuwa kwenye kioo cha simu. Kwa uso mweusi uliopigwa chini ya mwembe wakati wa adhuhuri, uzito huo kidogo unatosha kuyafuta macho. Historia ya upigaji picha haikututendea haki katika hili: kadi za Kodak za kupimia rangi, zilizojulikana kwa jina la Shirley, kwa miaka mingi zilikuwa na sura ya mwanamke mweupe, na maabara zilirekebisha rangi kwa kufuata ngozi yake. Mashine za leo haziko hivyo tena, lakini urekebishaji wa moja kwa moja uliomo ndani yake bado ni wa kukisia. CP1500 ina kipengele cha kuboresha picha chenyewe na kingine cha kulainisha ngozi. Ninashauri hicho cha pili kizimwe kabisa, kwa kuwa kinaondoa makunyanzi ambayo bibi ameyatafuta kwa miaka themanini, na badala yake picha ipandishwe mwanga kidogo kwenye simu, hasa sehemu za kivuli, kabla ya kuituma. Safisha nakala moja kwanza, itazame mchana karibu na dirisha, kisha uamue. Usiihukumu chini ya taa nyeupe ya usiku, kwa kuwa taa hiyo huwapaka watu wote rangi ya majivu.

Jambo jingine linalowashangaza wanunuzi wapya ni watu kukatwa vichwa. Kadi ya posta ina milimita 148 kwa 100, wakati simu nyingi hupiga picha kwa uwiano wa 4 kwa 3. Ukitaka picha ijae karatasi yote bila ukingo mweupe, printa italazimika kukata kama sehemu moja ya kumi ya picha, na hukata kutoka juu na chini ikiwa picha imelala. Picha za kamera yenye uwiano wa 3 kwa 2 hazina shida hiyo. Zile ndefu za 16 kwa 9 zinapoteza karibu sehemu moja ya sita kutoka pembeni, na aliyesimama mwisho wa mstari kwenye picha ya ukoo ndiye atakayelalamika. Dawa yake ni mbili: kupiga picha ukiacha nafasi kichwani na pembeni, au kuchagua usafishaji wenye ukingo mweupe, ambao mimi naupenda zaidi kwa picha zinazokwenda kwenye fremu kwa sababu nitakazozieleza.

Ukali wa picha hauhitaji simu ya gharama. Printa hufanya kazi kwa nukta 300 kwa inchi, na kwa ukubwa wa kadi hiyo ni takriban pikseli 1748 kwa 1181, yaani kama milioni mbili tu. Simu yoyote ya miaka kumi iliyopita inazidi hapo. Tatizo letu kubwa ni WhatsApp, ambayo ikituma picha kwa njia ya kawaida huipunguza hadi karibu pikseli 1600 kwa upande mrefu na kuibana sana. Idadi ya pikseli inakaribia kutosha, lakini kubanwa kule huacha mikwaruzo ya mraba angani na ukungu kwenye nywele, na karatasi hii isiyo na vidoto huyaonyesha yote. Shangazi akitaka kukutumia picha za harusi kutoka Geita, mwombe kwa adabu azitume kama dokumenti. Ataona unamsumbua, lakini akiletewa picha yenyewe ataelewa.

Gharama za printa hii zina sifa moja niipendayo: zinajulikana mapema. Karatasi na utepe huuzwa pamoja ndani ya boksi moja, kwa idadi inayolingana. Boksi la RP-108, kwa mfano, lina karatasi 108 na tepe za kuzitosha. Gawanya bei ya boksi kwa 108 na umepata bei ya picha, iwe ni picha ya usiku yenye weusi mwingi au ya kanzu nyeupe juani, kwa kuwa kila kadi hutumia kipande kilekile cha utepe. Kwa bei nilizoulizia mjini, picha moja inazidi ile ya studio ya kawaida. Hata hivyo hakuna wino unaokauka: printa ikikaa kabatini kuanzia Pasaka hadi Krismasi, itaamka na kufanya kazi siku hiyo hiyo. Printa ya wino wa kumimina ni nafuu kwa kila picha, lakini ikikaa bila kutumika vichwa vyake vinaweza kuziba, na kuvisafisha kunakunywa wino. Kwa familia inayosafisha picha kwa msimu, hilo si jambo dogo.

Na kuna siri iliyomo ndani ya utepe uliotumika. Ukiuvuta nje ya kaseti na kuuinua kwenye mwanga, utaziona picha zako zote zimepangana, kila moja mara tatu kwa rangi tatu, zikiwa zimegeuzwa kama filamu za zamani: mtoto akiwa kwenye beseni, kitambulisho ulichokisafisha nakala, shemeji akicheza. Rangi iliyoondoka imeacha umbo lake. Tepe hizi zisitupwe tu jalalani zikiwa nzima. Zikatwe kwa mkasi. Anayekusudia kufanya biashara ya kusafishia majirani alizingatie hili zaidi, kwa kuwa picha za watu ni amana.

Sasa nifike ukutani, mahali ambapo printa hii inahitaji kusaidiwa. Picha ya sentimita 15 kwa 10 imeumbwa kutazamwa kwa umbali wa mkono. Ukiitundika peke yake kwenye ukuta wa sebule wenye mita nne, kutoka kwenye kochi itaonekana kama stempu. Njia kuu ya kuifanya isimame ukutani ni kuzipanga nyingi pamoja zihesabike kuwa kitu kimoja. Picha tisa zilizolala, tatu kwa tatu, zikiachiana sentimita tano, zinaunda umbo la takriban sentimita 54 kwa 40 bila kuhesabu fremu, na umbo hilo linatosha juu ya kochi la watu watatu. Lakini mpangilio huo unadai picha zinazosikilizana: zote za siku moja, au zote za mahali pamoja. Sisi tuna seti ya mialoni: mitumbwi ikipakuliwa Kirumba, dagaa wameanikwa mchangani, mwanamke akiwageuza kwa mikono, nyavu, korongo marabu akisubiri kama karani wa ushuru wa samaki. Hakuna hata moja kati yake ambayo ingeweza kusimama peke yake, na zikiwa pamoja hakuna mgeni anayezipita.

Picha pana nayo ina njia yake. Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita tatu na lililofunguliwa Juni 2025, haliingii kwenye kadi moja bila kuwa uzi mwembamba katikati ya anga na maji. Ikatwe picha kwenye simu katika vipande vitatu vya uwiano sawa, visafishwe vyote bila kurekebisha mwanga kimoja kimoja, kisha viwekwe kwenye fremu moja ndefu vikiwa vimeachana kidogo. Urekebishaji wa moja kwa moja uzimwe hapa, la sivyo anga la kipande cha kwanza litatofautiana na la tatu, na daraja litaonekana limejengwa kwa siku tatu za hali ya hewa tofauti.

Urefu wa kutundika ni jambo ambalo nyumba zetu nyingi hulikosea kwa heshima. Picha za wazazi na za mahafali hupandishwa karibu na dari, zikiinama mbele kidogo, kana kwamba zinasimamia kikao. Kwa picha kubwa ya studio desturi hiyo inavumilika. Kwa picha ndogo haifai kabisa. Majumba ya makumbusho huweka kitovu cha picha katika kimo cha takriban sentimita 145 hadi 152 kutoka sakafuni, yaani usawa wa macho ya mtu aliyesimama. Sebuleni, ambapo watu huketi, sioni ubaya wa kushuka chini ya hapo, mradi kichwa cha aliyeketi kwenye kochi kisiguse fremu.

Mwanga unahitaji maelezo zaidi, kwa kuwa ndio unaoziua picha. Canon inadai picha hizi zinaweza kudumu miaka 100, lakini dai hilo ni la picha iliyohifadhiwa kwenye albamu, gizani, si la picha iliyotundikwa. Hapa kwetu ghuba iko upande wa magharibi wa mji, na nyumba nyingi za Isamilo na Bugando zimefunguliwa madirisha makubwa upande huo kwa ajili ya mandhari. Mandhari hayo huja na jua la saa kumi na saa kumi na moja jioni, linaloingia likiwa limelala na kuupiga ukuta wa mashariki wa sebule moja kwa moja. Ukuta huo usiwekwe picha. Wengine hudhani upande wa kaskazini au kusini uko salama mwaka mzima. Lakini Mwanza iko takriban nyuzi 2.5 kusini mwa ikweta, na kwa hiyo jua la mchana huhamia kaskazini katikati ya mwaka na kusini kuelekea Desemba, likiingia kwa zamu kwenye madirisha ya pande zote mbili. Mahali salama zaidi katika nyumba ya kawaida ni korido na ukuta uleule wenye dirisha, kwa kuwa dirisha haliwezi kuumulika ukuta lililomo.

Unyevu ni adui wa pili. Tabaka la kinga kwenye picha za CP1500 huvumilia tone la maji na alama za vidole kuliko picha nyingi za wino, na kwa mji wa ziwani hiyo ni sababu nzuri ya kuichagua. Haimaanishi kwamba picha iachwe igandane na kioo. Wakati wa masika hewa ndani ya fremu hupata unyevu, na uso unaong'aa ukigusana na kioo kwa muda mrefu hushikana nacho, kisha kuutenganisha ni kuurarua. Hapo ndipo ukingo mweupe nilioutaja unapofaa, pamoja na kadibodi iliyokatwa dirisha katikati, ambayo huwekwa kati ya picha na kioo ili visigusane. Fundi fremu mwenye subira atakukatia; mwambie dirisha liwe dogo kuliko picha kwa milimita chache kila upande, na kadibodi iwe nyeupe isiyo na asidi kama inapatikana, maana ile ya maboksi hugeuka kahawia na kuiambukiza picha. Kadibodi hiyo ina faida ya pili: picha ya sentimita 15 ikizungukwa na weupe wa sentimita tano kila upande inakuwa na fremu ya sentimita 25, na hapo hata picha moja inaanza kuonekana.

Nyuma ya fremu pia pafikiriwe. Kuta za tofali za saruji zilizo upande wa mvua hutoa jasho, na fremu iliyolala bapa juu yake huota ukungu mgongoni kabla mwenye nyumba hajajua. Vipande viwili vya mpira vilivyokatwa kwenye kandambili kuukuu, vikabandikwa kwenye pembe za chini za fremu, huisogeza mbele kiasi cha hewa kupita. Kazi hiyo haina gharama, na fremu haiyumbi tena mlango ukifungwa kwa nguvu.

Kwa waliopanga, ambao mwenye nyumba hataki kuona msumari, ubao mwembamba uliowekwa juu ya kabati au rafu unatosha kuegemeza fremu kadhaa, na huo ndio mpangilio ninaoupendekeza kwa kuanzia, maana picha zinabadilishwa wakati wowote bila kuacha tundu. Gundi ya pande mbili isibandikwe kamwe juu ya uso wa picha, wala selotepu, kwa kuwa rangi hubadilika chini yake. Vilevile ziepukwe zile albamu za plastiki laini zenye harufu kali, kwani plastiki ya aina hiyo huvuta rangi ya picha taratibu. Albamu ya karatasi yenye pembe za kuchomekea ni bora. Picha ikishakuwa na tabaka lake la kinga, kuipeleka ikapigwe plastiki kama kitambulisho hakuiongezei kitu ila mng'ao wa kuumiza macho. Mashine yenyewe hukuruhusu kuchagua uso usiong'aa sana, na kwa picha ya ukutani inayotazamana na dirisha huo ndio wa kuchagua.

Je, studio za mjini zimekwisha kazi? La. Anayetaka picha ya harusi ya sentimita 30 kwa 45 hana budi kwenda huko, na studio inayosafisha kwa karatasi halisi ya picha, ile inayopita kwenye dawa, itampa kitu ambacho printa hii haikuundwa kukitoa. Mimi hutumia njia zote mbili: nasafisha nyumbani picha ndogo kadhaa, naziweka mezani kwa majuma, na ile ambayo kila anayeingia anaishika ndiyo napeleka mjini ikakuzwe. Jirani yetu mzee, baada ya mimi kumwamkia shikamoo naye kuitika marahaba, huanza kuzipitia hata kabla ya chai, na ndiye aliyenichagulia mbili bila kujua, kwa kuuliza tu, "Hii mwanangu, huwezi kunipa niondoke nayo?" Printa ilimtolea yake akiwa bado ameketi.

Kwa anayekwenda kununua, achunguze kwanza kama duka linaleta karatasi zake mara kwa mara, kabla hata ya kuuliza bei ya printa, maana mashine bila boksi la karatasi ni pambo la meza. Boksi likaguliwe likiwa bado limefungwa, tarehe na pembe zake zitazamwe, na asikubali kuuziwa karatasi bila utepe au utepe bila karatasi, hata kwa bei ya kutupa. Karatasi za printa za wino hazifanyi kazi humu, na utepe uliofunguliwa na kulegea unahitaji kuzungushwa gurudumu lake kwa kidole hadi ukaze kabla ya kuingizwa. Dukani nilikonunua boksi langu la mwisho, kadi za juu zilikuwa zimepinda kwa kuwekwa karibu na dirisha lenye jua, na muuzaji alinibadilishia baada ya mimi kuzilaza juu ya kioo cha kaunta naye akaona mwenyewe pembe zikinyanyuka.